Gari la zamani, kiungio kipya



Juma hili naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kuliko ncha ya kidole, kitu ambacho wenye magari wengi hawajapata kukitazama hata siku moja. Nacho ni kiungio cha waya wa umeme wa gari: kile kipande cha shaba kinachounganisha waya na waya, waya na taa, au waya na chuma cha gari lenyewe. Mtu atakuuliza injini yako ina nguvu kiasi gani, atakuuliza matairi umenunua wapi, lakini ni nadra kumpata atakayekuuliza nyaya zako zimeungwa kwa nini. Hata hivyo gari likizimika usiku porini, au likianza kufuka moshi chini ya dashibodi, mara nyingi ukikifuatilia kisa hicho hadi mwanzo wake utafika kwenye kiungio.

Mambo haya yamenijia kwa sababu ya safari ya Ushirombo. Kwa wale wasiopafahamu, Ushirombo ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Hadi mwaka 2012 tulikuwa tukiihesabu katika Mkoa wa Shinyanga; tangu mwaka huo imo katika Mkoa wa Geita. Barabara kuu itokayo Isaka na Kahama hupita hapo ikielekea Lusahunga, na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi huunguruma mchana na usiku. Kandokando ya barabara hiyo utamkuta fundi wa kila namna: wa matairi, wa kuchomelea vyuma, wa pikipiki, na fundi wa umeme wa magari aliyetandaza nyaya zake juu ya gunia.

Rafiki yangu mmoja mkazi wa huko amerithi kwa marehemu baba yake Land Rover 109 ya Series III. Injini inavuta, gia zinaingia, lakini wayaringi imekwisha. Mpira wa nyaya umekauka na kupasuka, na kila fundi aliyepita katika gari lile kwa miaka mingi ameacha kiraka chake. Ameamua kung'oa nyaya zote na kuweka mpya. Alikwenda kwa mafundi watatu, akarudi na majibu matatu. Wa kwanza alimwambia, "Kaka, hapa ni kusokota na kufunga utepe tu, kesho jioni unaondoka na gari lako." Wa pili akamwambia kila kiungo kilehemiwe, asisikilize maneno mengine. Wa tatu, kijana, alimwonyesha mfuko wa soketi za plastiki alizozitoa kwenye Toyota zilizopata ajali, akasema hizo ndizo za kisasa. Basi rafiki yangu akanigeukia: "Bwana mtangazaji, wewe unayezungumza na wataalamu kila juma, nishike lipi?"

Swali hilo ndilo mazungumzo yangu ya leo. Wala si la mtu mmoja. Land Rover za umbo lile zilianza kuonyeshwa kwa umma mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series III ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, maana yake ni kwamba iliyo changa kuliko zote sasa imepita miaka arobaini. Lakini nchini mwetu magari haya hayajawa mapambo ya makumbusho. Mwezi Oktoba 2024 lilifanyika tamasha la Land Rover jijini Arusha, yakakusanyika mamia kwa mamia, mengi yakija kwa magurudumu yake yenyewe. Huko vijijini gari kama hilo ndilo linalobeba mpunga, ndilo linalobeba jeneza, na usiku wa manane ndilo linaloamshwa kumpeleka mama mjamzito hospitali. Kwa hiyo tunapouliza kiungio kipi ni bora, tunauliza pia habari ya roho za watu.

Sasa tuelewe kwanza kiungio kinafanya kazi gani. Umeme hupita vizuri pale ambapo shaba imegusana na shaba kwa nguvu, mahali pasafi na pakavu. Mguso ukilegea, au kutu ya kijani ikiingia katikati, hapo pana kizuizi. Kizuizi hicho hakiuzuii umeme wote. Huuchuja tu, na kile kinachochujwa hugeuka kuwa joto. James Joule wa Uingereza alikwisha ieleza kanuni hii mwaka 1841: joto huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto katika kizuizi kilekile huongezeka mara nne.

Tupige hesabu ndogo. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta ampea 10. Chukua kiungio kimoja kibovu ambacho kizuizi chake ni sehemu 12 tu katika mia za omu moja. Hapo utapoteza volti moja na nukta mbili kabla umeme haujazifikia taa, na wati 12 za joto zitabaki ndani ya kiungio chenyewe, kitu kidogo kuliko punje ya harage. Plastiki yake italainika, utepe utayeyuka gundi, na shaba itazidi kuungua na kuzidi kuzuia. Na taa je? Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya kawaida haupungui kwa asilimia 10; hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana dereva anabadili balbu, anabadili betri, na bado anaona njia kama mtu aliyeshika kibatari. Fedha zake zimekwisha dukani, ugonjwa umebaki kwenye kiungio.

Waingereza wenyewe walikuwa na mzaha wao juu ya jambo hili. Vifaa vingi vya umeme katika magari yao ya zamani vilitengenezwa na kampuni ya Lucas, nao wakampachika mwanzilishi wake, Joseph Lucas, jina la Mwana wa Mfalme wa Giza. Kwa maoni yangu walimwonea kwa kiasi fulani. Kitu kinachoachwa kwenye mvua na tope kwa miaka thelathini bila kufunguliwa wala kusafishwa hakiwezi kulaumiwa peke yake.

Turudi kwa mafundi wetu watatu.

Fundi wa kusokota na kufunga utepe ndiye mwenye wateja wengi, maana ni wa haraka na bei yake ni nafuu. Lakini waya uliosokotwa hauna kinachoubana. Gari likitikisika kwenye barabara ya makorongo nyuzi hulegea kidogo kidogo. Joto la injini hulainisha gundi ya utepe, vumbi letu jekundu huingia, mvua za Novemba huleta unyevu, na kutu huanza. Ubaya zaidi ni kwamba utepe ukifunuka, shaba iko wazi kugusa chuma, na hapo ndipo shoti inapotokea. Katika Land Rover za Series II na IIA waya wa taa kubwa haukupitia kwenye fyuzi hata kidogo. Shoti katika waya kama huo haina wa kuizuia mpaka waya wenyewe uungue. Ndugu zangu, kiungo cha kusokota ni cha kukufikisha nyumbani ukikwama njiani. Si cha kulala nacho.

Fundi wa kulehemu ana hoja. Lehemu iliyoshika vizuri hupitisha umeme vizuri, na viungio vingi vya magari ya Kiingereza vililehemiwa tangu kiwandani. Lakini lehemu ina tabia ya kunyonywa ndani ya nyuzi, nao waya pale hugeuka kuwa mgumu kama kijiti. Palipo mwisho wa ugumu na mwanzo wa ulaini ndipo mtikisiko unapoukata waya. Basi anayelehemu ni lazima aushikize waya wake karibu na kiungo ili usicheze. Pia asitumie ile asidi ya kulehemia rejeta, maana hubaki ndani na kuila shaba polepole. Tena kiungo kilicholehemiwa hakifunguki. Siku ukitaka kutoa taa ubadilishe, itabidi ukate waya, na ukikata mara tatu waya umekuwa mfupi.

Fundi kijana wa soketi za Toyota hasemi uongo. Zile zenye mpira wa kuzuia maji na kidole cha kujifunga ni nzuri sana mahali panapopigwa na maji, kama vile karibu na taa za mbele. Lakini awe na pande zote mbili, dume na jike, zilizotoka pamoja, na mpira wake uwe mzima. Kisha akumbuke kwamba soketi ya mtumba huja na kipande cha waya wake, na kipande hicho nacho lazima kiungwe na waya wako mpya. Akikiunga kwa kusokota, amejenga mlango wa chuma juu ya ukuta wa udongo.

Je, gari lenyewe lilikuja na nini? Land Rover ya miaka ile ilikuja na viungio vya aina tatu. Cha kwanza ni kile chenye umbo la risasi ya bunduki, kipenyo chake milimita 4.7, kinachosukumwa ndani ya kijibomba cha shaba kilichovikwa mpira mweusi. Cha pili ni kiungio bapa, upana wake milimita 6.3, dume likiingia ndani ya jike. Hiki bado kinatumika katika magari mengi duniani hadi leo. Cha tatu ni cha pete, kinachofungwa kwa bolti. Vyote vitatu vinafungulika kwa mkono au kwa spana, vinaweza kusafishwa, na vinaweza kurudishwa.

Ushauri wangu kwa rafiki yangu ulikuwa huu: aifuate asili ya gari lake, ila abadilishe pale ambapo asili ilikuwa dhaifu. Viungio bapa vinapatikana kwa urahisi katika maduka ya spea, na hiyo ni sifa kubwa. Kiungio kizuri kisichopatikana Ushirombo, wala Kahama, wala Katoro, si kizuri kwa mtu wa Ushirombo. Vile vya umbo la risasi aangalie kwa makini, kwa sababu maduka yetu siku hizi yamejaa vya pikipiki, na vile vya pikipiki ni vyembamba zaidi. Vitaingia, taa itawaka mbele ya fundi, na baada ya mashimo kumi vitakuwa vinaning'inia. Asipopata vya kipimo sahihi, ni heri aweke viungio bapa mahali pote. Na zile konekta nyeupe za skrubu zinazotumika kuunga umeme wa nyumba aziache kwenye nyumba, maana skrubu yake hulegea kwa mtikisiko na hukata nyuzi.

Baada ya kuchagua aina, achague kipimo. Vile viungio vya kubana vyenye plastiki ya rangi, rangi zake si urembo. Chekundu ni cha waya wa milimita za mraba kati ya nusu na moja na nusu. Cha buluu ni cha moja na nusu hadi mbili na nusu. Cha njano ni cha nne hadi sita. Waya mwembamba ndani ya kiungio kinene hautabanwa hata ukitumia nguvu za ng'ombe. Nao waya wenyewe uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi laini, si ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu unaokatika ukitikiswa. Kwa taa kubwa, waya wa nyuzi 28 za milimita 0.30, ambao jumla yake ni milimita za mraba mbili, unatosha na kubaki.

Kisha kubana. Hapa mafundi wetu wengi hutumia plaizi, na kiungio hupondeka kama kopo lililokanyagwa. Lipo koleo maalumu la kubania viungio, lile lisiloachia mpaka limefika mwisho wa mbano wake. Kiungio kilichobanwa kwa koleo hilo hushika nyuzi kiasi kwamba hewa haipati nafasi ya kuingia kati yake. Fundi akimaliza, auvute waya kwa mkono. Ukichomoka, ni afadhali uchomoke pale kwenye gunia kuliko mlimani usiku.

Sasa niwaambie ugonjwa mkubwa wa Land Rover, ambao hauhusu waya wa kupeleka umeme bali njia ya kuurudisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa haba huko Uingereza, kwa hiyo bodi la Land Rover likatengenezwa kwa aluminiamu, na chasisi kwa chuma. Umeme wa taa hurudi kwenye betri kwa kupitia bodi na chasisi. Lakini aluminiamu na chuma na shaba vikigusana kwenye unyevu hulana. Kutu nyeupe huota chini ya bolti, njia ya kurudi hufungwa, na umeme hutafuta njia nyingine kwa kupitia taa za jirani. Ndipo unapoona maajabu: dereva anawasha indiketa, nayo taa ya nyuma inakonyeza; anakanyaga breki, nazo taa nyingine zinafifia. Watu husema gari lina mashetani. Hakuna shetani hapo. Pana bolti yenye kutu.

Dawa yake ni kila taa kupewa waya wake mweusi wa kurudi, wenye kiungio cha pete, na waya hizo zikutanishwe kwenye bolti moja ya chasisi. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, iwekwe washa ya meno, nati ikazwe, halafu pakwe grisi juu. Mwenye gari lililotengenezwa kabla ya mwaka 1967 achunguze kwanza ni upande upi wa betri uliofungwa kwenye chasisi, kwa kuwa Land Rover za zamani zilifungwa upande wa chanya. Asipochunguza, altaneta au redio mpya itaungua siku hiyohiyo.

Na kwa kuwa nyaya zote ziko nje, huu ndio wakati wa kuziongezea fyuzi taa kubwa, pamoja na rilei, ili mkondo mzito usipite tena kwenye swichi kuukuu. Wakati huu gharama yake ni ndogo. Ukifunga boneti na kurudi baadaye, gharama itakuwa mara mbili.

Baada ya kazi, mwenye gari asiridhike kwa kuona taa zimewaka. Taa huwaka hata penye kiungio kibovu. Washa taa kubwa dakika kumi, kisha gusa viungio kimoja kimoja. Kilicho cha moto ni kibovu. Kama fundi ana mita, aiweke kwenye volti, ncha moja upande huu wa kiungio na ncha ya pili upande ule, taa zikiwa zinawaka. Kiungio kizuri kitaonyesha chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Kikizidi hapo, kifunguliwe.

Wasikilizaji, nimeeleza mambo ya ufundi kwa kirefu, lakini nia yangu si kuwalaumu mafundi wa Ushirombo wala wa mahali pengine. Nimewauliza wengi, na majibu yao yanafanana. Yule wa kwanza, wa kusokota, anajua kubana kiungio. Anakijua vizuri. Alinieleza kwa utulivu: "Mwanangu, nikimtajia mteja bei ya viungio arobaini, ananiambia namwibia. Anakwenda kwa jirani, jirani anamsokotea, na mimi watoto wangu wanalala njaa. Basi namsokotea mimi."

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Sisi wateja hulipia kinachoonekana. Tunalipia rangi, tunalipia viti, tunalipia redio yenye spika nne. Kiungio kiko ndani ya mkungu wa nyaya, chini ya dashibodi, gizani, kwa hiyo tunaona ni mahali pa kupunguza. Tunapomkaba fundi kwa bei, hatumpunguzii faida yake. Tunampunguzia kile kipande cha shaba kinachotutenganisha na moto. Kisha gari likiungua tunasema fundi hana elimu.

Nanyi wa mijini msidhani maneno haya ni ya wenye Land Rover za bara peke yao. Gari lolote lililofungwa king'ora, taa za ziada au redio kubwa na fundi wa kandoni mwa barabara lina viungo vya nyongeza ndani yake, na asiyejua vimeungwaje ni wewe unayeliendesha, au wewe abiria uliyekaa kiti cha nyuma.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Utakapompelekea fundi gari lako, kabla hujauliza bei, muulize: "Fundi, utaunga kwa nini?" Mwambie akuonyeshe viungio hivyo mkononi mwake. Vinunue wewe mwenyewe kama humwamini, na umlipe ufundi wake bila kumkaba. Fundi akishajua kwamba yupo anayetazama kazi isiyoonekana, ataifanya kwa fahari.

Rafiki yangu wa Ushirombo amemrudia yule fundi wa kwanza. Amempa orodha ya viungio, amemnunulia koleo la kubania, na wamepatana siku sita za kazi badala ya moja. Koleo litabaki kwa fundi.

Kwa leo naishia hapo. Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema.